Mashine ya Fundi Mnali

Jumamosi, tarehe kumi na tano Agosti, saa nane mchana. Hapo ndipo mambo ya Fundi Mnali yalipoharibika. Ninyi vijana mmesikia wabangua korosho wakiambiana, "Cha jukwaani hakirudi nyumbani," mkauliza nani aliyesema kwanza. Methali hii ilianza hivi.

Mnali aliishia darasa la nne, ila chuma kilimtii. Mkewe, Somoe, alibangua korosho kwa mkono, na mafuta ya ganda yalimchoma vidole hata kusonga ugali ikawa taabu. Kwa ajili ya vidole hivyo Mnali alihangaika miaka mitatu, akaunda mashine ya kupasua ganda bila kuvunja punje. Siri ilikuwa ndani, kwenye kisu kilichopinda kama ukucha wa kuku. Akaifunika kwa bati.

"Baba Sharifa, kwanza hati," Somoe alimwambia kila siku. "Usimfungulie mtu."

Uchaguzi ukaja. Jumamosi ile mgombea ubunge akaleta gari, mashine ikapandishwa jukwaani.

"Huyu ndiye mbunifu wetu!" akanguruma. "Chama chetu kitamlinda! Fundi, fungua bati, wananchi waone."

Mnali akasita. Somoe akapaza sauti kutoka kwa akina mama: "Usifungue, mume wangu!"

"Shangazi, unaogopa nini?" mgombea akatania. "Au mzee kaficha mchepuko humo?"

Umati ukaangua kicheko. Mnali akaona haya, asije akaitwa mume wa kuamrishwa na mke. Akafungua. Simu zikainuliwa juu kama mikono ya wapiga kura.

Wiki ileile mgombea wa chama cha pili akasimama palepale: "Ubunifu si mali ya mtu mmoja! Sisi tunataka ushindani, kila fundi atengeneze, bei ishuke!" Naye akashangiliwa vilevile.

Baada ya uchaguzi Mnali alikwenda mjini kuomba hataza, ile hati ya kulinda alichobuni.

"Mzee, ulishaionyesha hadharani?" karani akauliza.

"Chama ndicho kilichoniomba."

"Basi si kitu kipya tena. Sheria haisajili kilichokwisha kuonwa na watu wote."

Msimu uliofuata malori yakashusha mashine za kiwandani zenye kisu kilekile. Yule mgombea, sasa mbunge, akazigawa kwa vikundi na kupigiwa makofi. Kwa Mnali hakubisha mteja tena. Mwaka huohuo homa ikamchukua Somoe, na hakuwa amemlaumu mumewe hata siku moja. Hilo ndilo linalomla mpaka leo.

Siku ya arobaini mbunge alikuja na ubani, akamwomba apande tena jukwaani, atoe neno la shukrani kwa chama.

"Mheshimiwa," Mnali akasema mbele ya waombolezaji wote, "cha jukwaani hakirudi nyumbani."

Kisha akamwongezea swali. Mheshimiwa akatazama saa yake, akaingia garini, na chaguzi mbili zimepita swali likiwa palepale: siku ile uliponiambia nifungue bati, sheria ulikuwa unaijua?