Utepe wa Mpingo Ukingoni mwa Gitaa

Nimetumiwa hii na dada mmoja wa kwaya, nikaona si haki kukaa nayo peke yangu. Isome, kisha msomee uliye naye nyumbani.

Huko Tukuyu, kwenye mvua isiyojua likizo, aliishi fundi wa magitaa aitwaye Ambakisye na mkewe Subilaga. Kazi waligawana tangu walipooana. Mume alitengeneza sanduku la sauti la gitaa, kisha akachonga kijifereji chembamba kuzunguka ukingo wake wote. Mke alichukua utepe wa mpingo, ukanda mwembamba wa mbao, akaupinda taratibu kwenye bomba la moto, akaulaza ndani ya kile kijifereji kwa gundi. Mwisho alilifunga gitaa zima kwa mipira ya tyubu za baiskeli, mpaka likafanana na mgonjwa aliyevunjika mbavu.

Watu walidhani utepe ule ni urembo tu. Urembo ulikuwa, lakini pia ulifunika maungio ili unyevu usipenye. Kwa mvua ya Tukuyu, gitaa lisilozibwa ukingo halimalizi mwaka.

Mwaka wa thelathini na moja wa ndoa yao, Ambakisye aliona jambo lililomkata maini. Utepe wa mkewe ulikuwa umeacha nafasi. Ndogo, ya kupitisha ukucha, lakini ipo. Akaanza kumchunguza, akamwona anainamia kazi mpaka pua inakaribia kugusa mbao. Moyoni akasema, basi, macho ya mke wangu yanaondoka.

Angemwambiaje? Kazi hiyo ndiyo iliyomwamsha Subilaga kila asubuhi akiimba. Ambakisye alimpenda mno, hakuweza kumwondoa pale mezani. Akanyamaza.

Kila gitaa lilipomalizika, alingoja Jumamosi mkewe aende mazoezi ya kwaya, kisha akaupasha moto utepe, akaubandua, akaweka mwingine aliopinda mwenyewe. Kazi ya kupinda hakuijua. Alivunja tepe tatu ndipo apate moja, akaungua vidole, akasingizia birika la chai. Na huo wa kwake nao haukukaa sawa. Alijilaumu kwamba hana mkono wa mkewe, akaziba nafasi kwa gundi na kupaka vanishi juu. Alifanya hivyo kwa magitaa sita, mwaka mzima.

Siku moja Mwalimu Tusekile, mama aliyefundisha kwaya, akarudisha gitaa lake, mojawapo ya yale sita. Ukingo ulikuwa umefumuka, unyevu umeingia, uso wa gitaa umebenuka. Hakugomba. Alisema tu kwamba Pasaka imebaki wiki tatu na kwaya haina gitaa lingine. Akaliweka mapajani mwa Subilaga, kwa kuwa kila mtu alijua ukingo ni kazi ya nani.

Subilaga akaupapasa ule ukingo, macho chini kama mkosaji. Ambakisye alimtazama. Akinyamaza, lawama inabaki kwa mkewe. Akisema, anamvunja moyo kwa mdomo wake mwenyewe.

"Mama Bupe, utepe huo si wako," akamwambia mkewe hatimaye. "Ni wangu. Mwaka mzima nimekuwa nabandua wako. Nilidhani macho yako yamechoka, nikashindwa kukwambia."

"Najua si wangu," Subilaga akajibu. "Nimejua tangu gitaa la kwanza."

"Na ukanyamaza?"

Subilaga akaushika mkono wa kulia wa mumewe, ule wa kushikia patasi. Machozi yalikuwa yanamlenga.

"Macho yangu ni mazima, Baba Bupe. Kijifereji ndicho kinachopinda. Mkono wako umeanza kutetemeka. Nilikuwa nainama vile nikijaza nafasi kwa vumbi la mbao, usije ukagundua. Niliogopa ukijua utaiacha kazi."

Ambakisye akauangalia mkono wake kama mtu anayeonyeshwa mgeni. Ulikuwa unatetemeka kweli, na yeye hakuwahi kuliona hilo. Akalia, kisha akacheka, kisha akalia tena. Mwalimu Tusekile akajifanya anatafuta mwavuli wake, ambao alikuwa ameushika.

Mchana uleule waliubandua utepe mbovu. Ambakisye akashika patasi, akasita. Subilaga akaja nyuma yake, akakishika kifundo cha mkono wake, akamwambia achonge polepole. Mkono ukatulia. Kijifereji kikazunguka gitaa lote bila kuyumba, utepe ukakaa, uso ukanyooshwa, na Pasaka kwaya ikaimba na gitaa lake.

Mpaka leo wanakichonga wawili.

Funzo: Ukimficha umpendaye ukweli ili asiumie, kila mmoja wenu ataumia peke yake. Mwambie mapema na kwa upole, kisha mshike mkono muendelee na kazi.