Paa wa Kwanza wa Lubaba

Kisa hiki alinihadithia kwanza Bi. Nasra binti Khelef, aliyenisomesha Juzuu Amma ya Kurani nilipokuwa mdogo. Naye alikipokea kwa mama yake, Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu wote.

Alisema kuwa palikuwa na mja mwema, jina lake Mundhir, aliyeishi ukingoni mwa jangwa na kupata riziki kwa upinde wake. Mwaka mmoja mvua ilikatika, na mkewe akajifungua katika njaa ile. Maziwa yake hayakumtosha mtoto, na kilio cha kichanga hakikupoa mchana wala usiku. Mundhir akamchukua binti yake mkubwa, Lubaba, msichana wa miaka kumi, ili amfundishe kuwinda paa.

Njiani akamuusia: "Mwanangu, ukiachia mshale, litaje jina la Mola wako. Na paa akiangukia majini akafa, mwache. Hutajua kama ameuawa na mshale wako au na maji, na huyo kwetu ni kibudu, haliwi."

"Na nikijua, Baba?"

"Hata ukidhani unajua."

Siku ile Lubaba alilenga akapiga. Mshale ukaingia pajani, paa akakimbia, naye akamfuata mbio, akamwacha babake nyuma akihangaika na mwiba mguuni. Alipofika bondeni akamwona paa yumo dimbwini, kichwa kimezama, anatapatapa, kisha akatulia. Lubaba akageuka kutazama nyuma. Babake alikuwa hajatokea. Akamvuta paa hadi mchangani.

"Allahu Akbar!" alisema Mundhir alipofika akichechemea. "Umemkuta amekwisha kufa?"

"Ndiyo, Baba."

"Mbona manyoya yamelowa?"

"Nimemuosha damu."

Jioni nyama ikawa motoni. Jirani yao, Jandab, alialikwa, kwa kuwa kwao windo la kwanza la mtoto haliliwi pasi na jirani. Jandab akacheka: "Upinde umemzidi kimo, naye ametuzidi sisi wanaume!"

Lubaba hakucheka. Alikaa, akasimama, akaenda mtungini bila kiu, akarudi, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Bakuli la kwanza alipewa mama. Akasema Bismillahi, akaliinua.

"Mama, usinywe!" Lubaba akaangua kilio. "Alifia majini. Nilimwona. Nilitaka mtoto anyamaze."

Mama akalitazama bakuli kwa muda, kisha akaumimina mchuzi wote chunguni. "Njoo ukae hapa kwangu, mwanangu," alisema.

Mundhir akaepua chungu ili akaimwage ile nyama. Jandab akamshika mkono.

"Ee Mundhir! Nyama hii imechemka majini muda wote huu, sasa ndipo unayaogopa maji?"

"Siyaogopi maji, ndugu yangu. Naogopa nisichokijua."

"Na mkeo atakula nini?"

"Aliyetukataza hiki anaijua njaa yetu."

Jandab akaondoka akinung'unika. Nyumba ile ikalala kwa maji na tende chache, na mtoto akalia hadi wakati wa adhana.

Baada ya Sala ya Alfajiri, Jandab alikuwa mlangoni, bakuli mkononi, macho mekundu.

"Mmeninyima usingizi," alisema. "Haya ni maziwa ya mbuzi wangu. Nimeyakamua mwenyewe, hayajaogelea popote."

Mama akacheka, na hakuwa amecheka tangu ajifungue. Naye Mundhir akautwaa upinde, akamkabidhi Lubaba.

"Bado unanichukua, Baba?"

"Jana jioni ndipo nilipojua kuwa unaweza kuushika."

Ndugu zangu katika imani, tunawausia watoto wetu kusema kweli, lakini chungu kikiwa motoni hatupendi kuisikia. Lubaba aliogopa, akasema. Wazazi wake walikuwa na njaa, wakasikiliza. Sijui kati ya mawili hayo lipi lilikuwa zito zaidi.

Bi. Nasra alinipa kisa hiki jioni moja, nami tayari ni mama. Asubuhi yake mwanangu alikuja jikoni, akasimama mlangoni akisokota ncha ya shati lake. "Mama," alisema, "usikasirike."

Nikaepua sufuria ya uji, nikakaa chini.