Matone ya Kumud

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii yatufundisha kuwa kidogo kikiongezwa kidogo kwa subira huzaa kikubwa. Kumud Shah, muuza sari za Kihindi katika mji wa Bhavnagar, aliyafahamu hayo tangu utotoni, lakini kufahamu si kufuata.

Unene ulikuwa umemwelemea. Naye alikuwa amemwahidi mama yake, mama huyo akiwa kitandani anakata roho, kwamba angepanda kwa miguu yake mwenyewe ngazi elfu tatu na ushei za mlima mtakatifu wa Palitana, ambao hufungwa majira ya mvua, asibebwe na wachukuzi wanaopandisha mahujaji kwa viti. Kwa ajili hiyo alifanyiwa upasuaji, akafungwa mkanda kwa ndani, ukibana sehemu ya juu ya tumbo lake ili ashibe upesi. Mkanda huo hukazwa kwa maji ya chumvi yanayotiwa kwa sindano, kidogo kidogo.

Daktari Jigna alimtia maji kiasi cha kijiko cha chai. "Rudi baada ya wiki sita, mama."

"Wiki sita! Mvua zinaisha, mlima unafunguliwa mwezi mpevu ujao. Nijazie yote leo, mwanangu. Si sindano ni hiyo hiyo?"

"Mama, tumbo si mtungi."

Kumud alinuna. Akaenda zahanati nyingine, akajaziwa pomoni. Kesho yake hata maji ya kunywa hayakupita; mate yenyewe aliyatema koponi.

"Mlima ndio huo, bibi wee?" mumewe Navin alimtania, huku akimrudisha mbio kwa Jigna.

Jigna aliyapunguza yale maji, kisha akampa kikombe. Kumud alipiga funda moja, akalihisi likiteremka, akalia. Kumbe vijiko viwili vya maji vyatosha kumfungia mtu dunia! Alistaajabu sana.

Mwaka ule mlima ulifunguliwa bila yeye. Alirudi kliniki kila alipoitwa: leo tone liongezwe, siku nyingine lipunguzwe. Nguo zikaanza kumpwaya.

Mwaka wa pili, alfajiri, chini ya mlima, wachukuzi walimwita, "Mama, panda kiti!"

"Nibebeeni viatu, wanangu. Mwili ninao mwenyewe!"

Adhuhuri alifika kileleni. Mahekalu meupe, mamia kwa mamia, yalimeremeta juani, naye akaduwaa. Aliinama akaigusa ngazi ya mwisho: haikuzidi shubiri moja, na zote alizozipanda zilikuwa hivyo hivyo. "Mama, nimefika," alinong'ona. Hakika, haba na haba hujaza kibaba.