Jiwe Lililotoka Mferejini

Mtu mmoja alikuwa na ndugu mmoja tu, na kati yao palikuwa na jiwe.

Mkubwa aliitwa Senzia, mdogo aliitwa Kadeghe. Mashamba yao yalipakana kwenye mteremko wa mlima, na mfereji uliotoka msituni ulipita juu yake. Pale mashamba yalipoanzia, katikati ya mfereji, baba yao alikuwa ametumbukiza jiwe jeusi, pana kama mgongo wa ndama. Maji yalipolifikia yalilipiga, yakachanika: nusu yakashuka kwa Senzia, nusu yakashuka kwa Kadeghe. Baba hakuwahi kueleza habari za jiwe hilo. Alilitia pale akiwa kijana, na alipozeeka alikuwa akienda kulisafisha matope kwa mikono yake.

Baba alipofariki, wale ndugu waligombana. Chanzo kilikuwa kidogo hata wenyewe waliona haya kukitaja. Ng'ombe wa mmoja aliingia kwenye mahindi ya mwingine, likasemwa neno, neno likajibiwa. Kisha wakagombania mpaka. Watu wa ukoo wakaitwa, wakavuta kamba kutoka kwenye lile jiwe hadi bondeni, wakasema, "Huku wewe, na huku wewe." Tangu siku hiyo jiwe likaitwa mpaka, na watu wakasahau kwamba liliwahi kuwa kitu kingine. Senzia kila alipopita akaliona, alihisi ugomvi wao umekaa pale majini, mweusi, hauondoki. Wakaishi hivyo kwa miaka, hawali pamoja, hawasalimiani ila msibani. Lakini maji hayakuwa na habari na ugomvi wao. Yalishuka huku na huku kama zamani.

Ikatokea kwamba serikali ya nchi ile iliamua kujenga Mnara wa Umoja katika uwanja mkubwa wa mji mkuu. Juu kabisa ingekaa mikono miwili ya mawe, imeshikana. Chini, msingi ungejengwa kwa mawe kutoka kila wilaya, ili taifa zima liibebe ile mikono. Tangazo likasomwa redioni na makanisani na misikitini: kila wilaya itoe jiwe moja, na jiwe hilo liwe na historia.

Wilaya yao ikamchagua Senzia apeleke jiwe, maana alikuwa msemaji mzuri na mtu wa kuheshimika. Alitembea shambani kwake akitafuta. Mawe yalikuwa mengi, lakini hayakuwa na la kusimulia. Ndipo alipofika mferejini akasimama, na wazo likamjia zuri kiasi kwamba alitabasamu peke yake. Jiwe hili ndilo lililotutenga, alijiambia. Nikiling'oa nikalipeleka kwenye Mnara wa Umoja, nani ataleta jiwe lenye historia kuliko hili?

Hakumwuliza ndugu yake. Alichukua vibarua wenye mitaimbo, wakaingia majini, wakalisukasuka hadi likatoka. Kadeghe aliwaona kutoka kwenye migomba yake. Moyo wake ulilainika, kwa kuwa alidhani kaka yake ameuondoa mpaka. Alimwambia mkewe, aliyeitwa Namsifu, "Naona kaka amechoka na mambo yale. Kesho nitakwenda kumsalimia."

Lakini kesho yake asubuhi gari la wilaya lilikuwa limekwisha kufika. Senzia alipokuwa akifunga viatu aliona jambo. Shamba lake lilikuwa chini kidogo kuliko la ndugu yake, na kwa kuwa jiwe halikuwepo tena, maji yote ya mfereji yalikuwa yakiteremkia kwake. Upande wa Kadeghe palibaki tope linalong'aa. Hakuwa amelikusudia jambo hilo, na hilo ni kweli. Ila alipoliona hakulizuia. Mkewe, Nakijwa, alimwambia, "Baba Yoeli, maji yameegemea kwetu." Akajibu, "Nitayatazama nikirudi," akapanda gari. Ulikuwa wakati wa kiangazi, na maharage yalikuwa yametoa maua.

Mji mkuu ulimpokea Senzia kwa ngoma. Uwanja ulijaa watu, na mawe ya wilaya yalipangwa kwenye mkeka mrefu kama wageni wa heshima. Mchongaji wa mnara alisimama akaeleza maana ya kila kitu. Mikono ile ni wananchi, alisema. Mawe ya chini ni wilaya, na hakuna jiwe la kwanza wala la mwisho. Vidole vimefumwa pamoja ili asiwepo wa kusema mkono wangu ndio ulioanza kushika. Senzia alisikiliza, akaguswa kwelikweli.

Zamu yake ilipofika, akapewa kipaza sauti. Alisema, "Jiwe hili lilisimama kati yangu na mdogo wangu tangu baba yetu alipofariki. Lilitugawa. Tumeling'oa. Leo hakuna kitu kati yetu."

Vigelegele vikapanda. Mgeni rasmi akainuka akamkumbatia, akatangaza mbele ya wote kwamba siku ya uzinduzi, Senzia na mdogo wake ndio watakaofunua pazia la mnara, wakiwa wameshikana mikono kama ile ya juu. Jiwe likashushwa kwenye msingi, mafundi wakalimiminia zege, wakiacha uso wake mmoja wazi.

Maneno yale yalirushwa redioni. Namsifu aliyasikia akiwa shambani, ana ndoo kichwani, kwa kuwa tangu maji yalipohama alikuwa akichota bondeni na kunyweshea maharage kwa kopo, shina kwa shina. Aliitua ndoo. Alisikia sauti ya shemeji yake ikisema hakuna kitu kati yao, na akasikia watu wakipiga makofi mbali sana, kama mvua ya nchi nyingine. Akajitwika tena ndoo yake, akaendelea.

Nakijwa naye alikuwa amejaribu. Alikwenda mferejini akajenga ukuta wa udongo na majani ya migomba ili maji yarudi upande wa pili. Yalirudi kwa muda mfupi, ukuta ukabomoka. Akajenga tena. Mume wake alipowasili nyumbani, siku nyingi baadaye, amevaa shuka aliyozawadiwa na amejaa habari, alimkuta mkewe miguu imejaa tope hadi magotini. Hakumpokea mzigo. Alimwambia tu, "Kaoge, kisha uende kwa mdogo wako. Nenda kabla hujala."

Senzia alikwenda. Njiani watu walimpongeza, wakasema wamesikia, wamefurahi. Kila pongezi ilimfanya apunguze mwendo. Alimkuta Kadeghe amekaa ukingoni mwa shamba, na maharage mbele yake yalikuwa yamekauka yakiwa na maua yake, meupe bado kwa mbali, lakini ukiyagusa yanasagika. Mistari michache tu iliyokuwa karibu na nyumba, ile iliyonyweshewa kwa kopo, ndiyo iliyokuwa ya kijani.

Senzia hakujua aanzie wapi, kwa hiyo alianzia pale alipoona ni rahisi. Alimweleza habari za mnara, na mikono, na uwanja, na jinsi baba yao alivyotajwa mbele ya taifa. Akasema, "Mdogo wangu, wanatutaka wote wawili. Tutasimama pale chini tushikane mikono, nchi nzima ituone."

Kadeghe alimsikiliza hadi mwisho, bila hasira. Kisha akasema, "Kaka, jiwe lile halikutugawa. Lilitugawia."



Senzia alisimama pale akiangalia maharage. Alimkumbuka baba yao akiwa ameinama majini, akitoa matope pande zote mbili za jiwe, huku kidogo na huku kidogo, akirudi nyuma kutazama kama maji yanakwenda sawa. Kwa miaka yote ya ugomvi wao, yeye na Kadeghe walikuwa wamekula kutoka kwenye mkono ule wa baba bila kuujua. Kitu pekee kilichokuwa kimewaunganisha, yeye ndiye aliyekipakia garini kwa shangwe. Na sasa hakingerudi, maana kilikuwa kimeshikwa na zege, na juu yake ingesimama mikono mikubwa.

Aliondoka bila kuaga, akaenda mferejini moja kwa moja na nguo zake za safari. Akakusanya mawe madogo akayapanga, maji yakayasomba. Akaleta makubwa kidogo, yakapinduka. Akapanda mlimani akapata jiwe lenye upana wa kutosha, akaliteremsha kwa kulibiringisha, lakini alipolifikisha majini hakuweza kulishika na kulikaza kwa wakati mmoja. Kila alipoinama kulitia kabari, maji yalilisukumia miguuni mwake. Likamwumiza mguu, likalala upande. Akalisimamisha tena.

Kadeghe alikuwa akimtazama kutoka shambani kwake. Alikaa muda mrefu. Hakuna aliyemwita, na mtu yeyote angeelewa kama asingekwenda, kwa kuwa maharage yake yalikuwa yamekwisha kufa. Mwishowe aliinuka, akachukua mtaimbo uliokuwa umeegemezwa ukutani mwa nyumba, akapanda hadi mferejini. Aliingia majini upande wake. Hakumsalimia kaka yake. Alisema, "Wewe shika, mimi nakaza." Wakafanya hivyo. Jiwe likakaa kombo, wakaling'oa, wakaanza upya. Jua lilipokuwa linaelekea mlimani, maji yalilipiga jiwe, yakasita kidogo kama yanayofikiri, yakachanika. Hayakuwa sawasawa kama enzi za baba. Upande wa Kadeghe yalizidi kidogo, na Senzia alipoyaona aliyaacha hivyo hivyo.

Hawakukumbatiana. Kesho yake wakarudi kulirekebisha, na keshokutwa yake tena, maana jiwe geni huchukua muda kuzoeana na mfereji. Mwaka ule nyumba mbili zilikula maharage ya shamba moja, la Senzia, na Namsifu ndiye aliyekuwa akipima mgao.

Siku ya uzinduzi wa mnara ikafika. Viti viwili vya mbele vilikuwa vimetengwa, na havikukaliwa. Mshereheshaji akautangazia uwanja kwamba wale ndugu wawili wamecheleweshwa na safari. Pazia likafunuliwa na watu wengine walioshikana mikono, na picha zikapigwa. Wakati huo huo, mbali na pale, Senzia na Kadeghe walikuwa majini hadi magotini, kila mmoja upande wake, wakizoa matope.

Mnara upo hadi leo, na ni mzuri. Wageni wanaoutembelea huonyeshwa lile jiwe jeusi kwenye msingi, huambiwa kwamba ndilo lililowatenga ndugu wawili, nao huliwekea mkono, wengine hufuta machozi.

Nanyi mnaopeleka mawe yenu uwanjani, mmeuliza yalikuwa yakifanya kazi gani kule mlikoyang'oa?