Dirisha la Nakijwa

Nisikilizeni mpaka mwisho, maana ninyi ndio mtakaoamua. Waliokuwapo walishindwa.

Huko milimani Upare, Nakijwa alipendwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mama mkwe wake, Bi Nanzia, alijua kutunza wanawake waliojifungua. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumfia mikononi. Kaka yake, Kaleghe, alichimba vito, na aliweza kuuona mshipa wa kijani ndani ya mwamba kwa taa ya kichwani tu. Mumewe, Elinami, alikuwa mwalimu. Alisoma kila karatasi iliyomfikia, hata iliyofungiwa chumvi.

Nakijwa alikuwa na kisukari. Alipojifungua binti, wote watatu walimjia na upendo wao.

Bi Nanzia alimweka chumbani siku arobaini, kama alivyowekwa yeye. Aliziba dirisha kwa matambara, akakoka moto.

"Mama, moshi unaniua."

"Moshi haujaua mtu. Mzazi hapigwi na upepo, mwanangu. Kunywa uji."

Kaleghe alipanda mlima akiswaga mbuzi. Kwa desturi yao, kaka ndiye humnywesha dada yake supu ya uzazi. Alikaa wiki tatu, akimnywesha kwa mkono wake. Kifuani alikuwa na vumbi la miaka kumi na miwili ya mgodini, na alikohoa.

"Kaka, unanguruma kama trekta."

"Ni mgodi unanisalimia. Fungua mdomo."

Elinami alikuwa amepokea kipeperushi shuleni. Kilisema kikohozi kinachozidi wiki mbili huenda ni kifua kikuu, na kwamba wachimbaji na wenye kisukari wako hatarini zaidi. Alikisoma mara mbili. Lakini shemeji aliyeleta mbuzi, utamwambiaje atoke nje kwa sababu anakohoa? Akakikunja, akakiweka ndani ya Biblia.

Nakijwa alitoka chumbani akikohoa. Ugonjwa ulipopata jina, alikuwa amebaki mifupa. Daktari aliposikia habari za chumba kile na kikohozi cha Kaleghe, alisema mbele ya mgonjwa: "Moja tu kati ya mambo haya lingepungua, pengine tusingefika hapa."

Mtoto alipoanza kukaa, mama yake alizikwa. Kaleghe alitibiwa, akapona. Mtoto alipewa dawa za kinga.

Tangu mazishi, hata dirisha lile likizibwa jioni, kila asubuhi lilikutwa wazi. Matambara yalikuwa sakafuni, yamekunjwa pembe kwa pembe, jinsi Nakijwa alivyokunja nepi. Hakuna aliyekiri kuyagusa.

Siku ya arobaini ya msiba, shangazi wa marehemu alikusanya watu sebuleni. "Aliniachia neno moja," alisema. "Mwanawe alelewe na mwenye kosa dogo kuliko wenzake. Semeni."

"Ugonjwa niliuleta mimi," alisema Kaleghe, "ila sikujua ninao."

"Dirisha niliziba mimi," alisema Bi Nanzia, "ila ndivyo nilivyofundishwa."

Elinami alifungua Biblia, akakitoa kile kipeperushi.

"Mimi sikuleta kitu, wala sikuziba kitu," alisema. "Nilijua tu."

"Na ndiye baba," mtu akanong'ona.

Hapo dirisha la chumbani likagonga ukuta, na mtoto aliyelazwa humo akakohoa. Mara moja tu.

Wote watatu walisimama. Walifika mlangoni pamoja, na hakuna aliyethubutu kutangulia. Wakamgeukia shangazi, naye akainamisha uso.

Mtoto analia humo ndani. Je, wewe ungemwambia nani aingie?