Mkunga Ambaye Hajazaliwa

Hapo zamani, si zamani za wafalme bali za juzijuzi tu, kompyuta za hospitali ya mji mmoja zilihesabu siku kwa sekunde, kuanzia mwaka 1970. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chao, yaani nafasi ya kuwekea hesabu hiyo, kingejaa mwaka 2038. Hapo mashine zingerudi nyuma zaidi ya miaka mia, zisijue leo ni lini.

Mwanamvua, fundi wa programu, akaitwa auzuie msiba huo. Dawa ya kweli ilikuwa kutia pipa mahali pa kibaba, kazi ya miezi mitatu ndani ya mfumo endeshi. Yeye akaona njia ya mkato. Nusu ya kibaba ilikuwa imetengewa miaka ya kabla ya 1970. Akaichukua, akaipa kesho. Kazi ya siku moja. Akapigiwa makofi, na kichwa kikamvimba kidogo.

Wiki iliyofuata wakaja madaktari wa macho, ambao huja mara moja kwa mwaka. Bi Siwatu, mkunga mstaafu, mzaliwa wa 1958, akafika macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Hemedi, karani wa mapokezi, akaingiza tarehe yake ya kuzaliwa. Kompyuta, isiyojua tena miaka ya kabla ya 1970, ikasoma 2094.

"Bibi, mashine inasema hujazaliwa. Siwezi kukuandikisha."

"Hemedi, mimi niliyekupokea wewe duniani, ndimi ambaye sijazaliwa?"

Hemedi akainama, kisha akamwita mgonjwa aliyefuata kwenye foleni. Jioni madaktari wakaondoka.

Mwanamvua alipopata habari, aliona aibu hata chakula kikamshinda. Akaenda kwa Bi Siwatu, akakuta wawili wamemtangulia.

"Kosa ni langu," alikuwa akisema Mzee Shekuwe, aliyeuunda mfumo ule wa hospitali. "Nilijua kibaba kitajaa. Nikasema, siku hiyo nitakuwa nimeshastaafu."

"Ni langu," akasema Hemedi. "Nilikuona umesimama mbele yangu, nikaiamini mashine."

"Langu," akasema Mwanamvua. "Nilijaribu tarehe za kesho tu. Mama yangu ni wa 1961. Hata yake sikuijaribu."

Bi Siwatu akawasikiliza, akasema, "Toba hazinifikishi msalani, wanangu. Mmoja wenu atanishika mkono mwaka mzima, mpaka madaktari warudi. Wawili waende na aibu zao."

Mikono mitatu ikanyooshwa. Bi Siwatu hakuona hata mmoja.

Haya, nyinyi mnaoona, mwambieni: je, ni mkono wa nani uliostahili kushikwa?