Hedifoni ya Salha na Jina la Binti Yake

Kaeni vizuri, na mwenye ugomvi na aliyekaa karibu yake ahame kabisa, kwa sababu hadithi ya leo ina wivu wa kutosha na sitaki muuongeze. Mimi mwenyewe nina wivu, sifichi. Pilau ya mwenzangu ikisifiwa mbele yangu, siku hiyo silali vizuri. Kwa hiyo hawa wanawake nitakaowasimulia nawaelewa wote watatu, na hapo ndipo ninaposhindwa.

Huko Tanga, mitaa ya Ngamiani, alikuwepo mwanamke anaitwa Salha. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Msicheke, ni kazi. Watu wa chuo walizunguka vijijini wakawarekodi vikongwe wakieleza mambo ya zamani, saa tisini za maneno, na Salha akaajiriwa kuyaandika yote kwenye kompyuta. Anasikiliza sentensi, anasimamisha, anaandika, anarudisha nyuma, anasikiliza tena. Saa nane kila siku, na mimba ya miezi sita tumboni.

Alikuwa na wanawake watatu wa karibu, kila mmoja na kipaji chake. Wa kwanza Kidawa, wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Kidawa alijaliwa subira. Anaweza kukaa mbele ya sufuria ya maharage tangu yakiwa mawe mpaka yaive, na asiinue mfuniko hata mara moja. Wa pili Mwantumu, dada yake Salha, toka nitoke. Huyu alijaliwa ulimi. Aliuza nguo za mitumba sokoni, na mteja aliyekuja kuuliza njia aliondoka na suruali mbili. Wa tatu Siwatu, jirani wa ukuta mmoja, fundi cherehani aliyetoka Pemba peke yake. Siwatu alijaliwa vidole. Akikushonea kiraka, wewe mwenyewe utakitafuta usikione.

Na walioneana wivu, hao! Salha alikuwa mmoja, wao watatu. Kidawa akileta uji, Mwantumu analeta supu. Mwantumu akicheka na mdogo wake uani, Siwatu upande wa pili wa ukuta anasimamisha cherehani asikie wanacheka nini.

Sasa hedifoni aliyopewa Salha kazini ilikuwa ndogo na ngumu, ya kukaa juu ya sikio na kulibana. Salha huvaa miwani, na hujifunga mtandio. Pata picha: mtandio chini, mkono wa miwani juu yake, halafu hedifoni inavikandamiza vyote kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Ikifika adhuhuri kichwa kinamgonga mpaka anaona vimulimuli. Akaanza kukosea maneno, akaruka sentensi nzima. Mkuu wake akamwambia, "Mama, nakupa wiki mbili. Hali ikiwa hii hii, kazi nampa mwingine." Kazi yenyewe Salha aliitafuta miaka minne.

Wa kwanza kuambiwa alikuwa Kidawa.

"Hedifoni si kanga, wifi," Kidawa akasema. "Huichagui kwa kuitazama. Nipe miwani yako."

"Ya nini, na wewe macho yako mazima?"

"Nipe tu."

Jumamosi na Jumapili Kidawa aliazima ile miwani, akajifunga mtandio vilevile anavyojifunga Salha, akaenda dukani kwa Hemedi, ambako hedifoni za kila aina zimetundikwa ukutani. Akavaa ya kwanza, akaichomeka kwenye simu, akakaa. Saa nzima. Akavua, akavaa ya pili, saa nyingine. Miwani si ya macho yake, kwa hiyo duka zima lilikuwa linaelea, na mara mbili ilibidi ashike meza asianguke.

"Mama, unanunua au umekuja kulala?" Hemedi akauliza.

"Atakayeivaa ataivaa mchana kutwa, mwanangu. Wewe unataka niipime kwa dakika moja?"

Moja ilibana utosi. Nyingine ilikuwa laini lakini nzito, baada ya nusu saa shingo inauma. Nyingine ilinguruma kama ngoma, sauti ya mtu ikafunikwa. Jumapili alasiri akavaa moja kubwa isiyo na mbwembwe: haina taa, haina rangi ya kung'aa, bakuli zake zinalifunika sikio lote bila kuligusa, nayo ni nyepesi. Alikaa nayo saa mbili. Alipoinuka aende zake, waya ukavuta simu mezani ikaanguka chini, maana alikwisha kusahau kwamba ameivaa. Siku hizo mbili kulikuwa na harusi ya binti wa mdogo wake wa kike huko Pangani, na Kidawa ndiye aliyetakiwa kumpamba bibi harusi. Hakwenda, na mpaka leo mdogo wake hampokelei simu.

Salha aliitwa, akaivaa palepale dukani. Akafumba macho. Alipoyafumbua akamshika wifi yake mkono: "Wifi, nikijaliwa wa kike, ni somo yako. Jina lako ndilo atakaloitwa." Na alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwani watoto wawili wa kwanza, wavulana, walipewa majina ya wazee wa upande wa baba, na zamu hii aliachiwa yeye. Kidawa alikuwa ameolewa miaka ishirini bila mtoto, akageuka akatazama barabarani.

Lakini bei ilikuwa laki moja na themanini, na Salha alikuwa na elfu sabini tu.

Mwantumu aliposikia, la kwanza kusema si bei. "Kwa nini aliambiwa yeye kwanza?" Alipokwisha kununa ndipo akaenda dukani. Ilikuwa wiki ya kufungua shule, naye biashara yake kubwa ya mwaka ni sare za mitumba. Alifunga meza yake siku nne.

"Hii hedifoni siyo mpya," akamwambia Hemedi. "Hii ni mzee wa duka. Tazama upande huu ulivyopauka kwa jua. Boksi lake liko wapi?"

"Boksi limepotea, lakini mashine ni nzima."

"Nani mwingine atainunua bila boksi?"

Mwantumu akavuta kiti. Kila mteja aliyeingia alikaribishwa na yeye, akaulizwa hali ya watoto, akaonyeshwa hedifoni iliyopauka na kuombwa aseme ukweli mbele ya Mungu kama hii ni laki na themanini. Siku ya kwanza ikashuka laki na nusu. Siku ya pili laki na kumi. Siku ya tatu tisini, na Hemedi akaapa hashuki tena. Siku ya nne, wateja watatu walipotoka mkono mtupu, Hemedi aliitundua mwenyewe, akamkabidhi kwa elfu sabini, kwa sharti moja: asikanyage dukani kwake mpaka mwaka uishe. Kurudi sokoni, sare zimekwisha kununuliwa kwa wengine.

Salha alimkumbatia mlangoni. "Dada, mtoto akiwa wa kike ataitwa Mwantumu." Mwantumu akalia palepale. Binti yake wa kwanza alimwita Salha, miaka kumi na mitano iliyopita, na tangu siku hiyo alikuwa anangoja kurudishiwa.

Mnadhani imekwisha? Salha naye alidhani hivyo.

Joto la Tanga mnalijua. Ile ngozi ya bandia ya kwenye bakuli, iliyokaa juani ukutani miaka miwili, ilianza kubanduka siku ya pili. Vipande vyeusi vikamganda mashavuni. Jasho likajaa, vipele vikatoka, na sponji iliyochoka ikabonyea mpaka ile plastiki ngumu ya ndani ikawa inamchoma sikio. Pedi za kubadilisha hazikuwepo mjini kote. Kati ya zile wiki mbili zilikuwa zimebaki siku tatu, na Salha akakaa chumbani akalia kwa sauti ya chini wengine wasisikie. Siwatu alisikia, maana ukuta ni mmoja.

Aligonga. "Shoga, niletee hicho kitu."

Akazifumua pedi uzi kwa uzi. Sponji mpya hakuwa nayo, basi akachukua sidiria yake mpya ya sikukuu, akaipasua, akatoa sponji. Nimesema msicheke. Kitambaa kilitakiwa kiwe pamba, kinywe jasho, na kiwe laini kuliko pamba yoyote ya dukani. Kipo kimoja tu cha namna hiyo nyumbani kwake: kanga ya marehemu mama yake, iliyofuliwa mpaka ikawa nyepesi kama pumzi, kitu pekee alichotoka nacho Pemba. Aliikata. Akashona, na pale mkono wa miwani unapopita akaacha mfereji mdogo, upite bila kugandamizwa. Wale wengine wawili hawakuwahi kuufikiria mfereji ule.

Siku iliyofuata Salha alisikiliza tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Mkuu wake alisoma kurasa, akatafuta kosa, hakuliona. Hakumpa mwingine kazi, na Salha aliandika mpaka zile saa tisini zikaisha, wiki moja kabla ya kujifungua.

Lakini jioni ile ile ya kwanza alikwenda kwa jirani yake. "Shoga, huyu akiwa wa kike, ni wako. Siwatu."

"Usinitanie. Mimi si ndugu yenu."

"Ndiyo utakuwa."

Salha akajifungua. Wa kike. Na kwa kuwa kila mmoja wa wale watatu alikuwa anailinda ahadi yake kama kito, akiogopa kijicho cha wenzake, hakuna aliyemwambia mwenziwe.

Siku ya saba, siku ya kumtaja mtoto jina, wakafika wote. Kidawa alileta bangili ndogo za fedha alizovishwa yeye alipozaliwa. Mwantumu alileta doti mbili za kanga na keki. Siwatu alileta gauni jeupe alilolidarizi, akalikunjua kitandani. Mwantumu akainama.

"Hili jina la nani hapa kifuani?"

"La mtoto," Siwatu akasema.

"Mtoto gani? Mtoto hapa ni Mwantumu."

"Nani kakwambia?" Kidawa akadakia. "Mimi niliahidiwa dukani kabla nyinyi hamjaijua hiyo hedifoni ikoje!"

Wote wakamgeukia Salha. Salha alimbana mtoto kifuani. "Nilisema kweli kila mara," akasema. "Kila nilipoahidi nilidhani tabu imekwisha."

Hapo ndipo yakamwagika.

"Bila mimi," Kidawa akasema, "mngenunua yoyote ile inayong'aa, mkaitupa baada ya wiki. Nani alikaa siku mbili na miwani ya mtu, kichwa kinazunguka?"

"Ungekaa hata mwaka," Mwantumu akasema. "Ingebaki ukutani. Aliyeitoa dukani ni nani? Umechagua kitu cha laki na themanini kumchagulia mtu mwenye sabini, halafu unajisifu!"

"Na ulichokileta nyumbani," Siwatu akasema taratibu, "kilimtoa vipele. Angerudi kulekule kwenye kulia. Mimi nilikata cha mama yangu."

"Unatuingiliaje wewe, jirani?" Mwantumu akamkatiza.

"Jirani ndiye aliyesikia."

Mumewe Salha alichungulia, akaona nyuso, akasema yeye hana neno, akarudi uani haraka. Mama mkwe akaingia. Akaelezwa. Mtu akanong'ona labda apewe majina matatu. Mama mkwe akakataa: shehe yuko uani anangoja jina moja, nalo ndilo litakalosomwa. Basi apewe jina la mbali, lisilo la yeyote? Hilo Salha mwenyewe alilikataa, kwamba badala ya kuvunja ahadi mbili atakuwa amevunja tatu.

Kidawa akakaa ukingoni mwa kitanda, sauti imempungua. "Mwantumu, wewe una watoto watano. Mimi nikifa, hakuna atakayeitika jina langu popote."

Mwantumu akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Na mimi binti yangu ananiuliza kila mwaka: mama, mimi nilipewa jina la mama mdogo, mbona yeye hajampa mtu jina lako? Nimjibu nini leo?"

Siwatu alikuwa ameanza kulikunja lile gauni. "Nyinyi mkilikosa mtabaki wifi na dada," akasema. "Mimi nikilikosa, nabaki mtu wa upande wa pili wa ukuta."

Nje shehe alikohoa, akaita mara ya pili kuuliza jina. Mama mkwe akainyoosha mikono ampokee mtoto. Wale wanawake watatu wakamtazama Salha mdomoni, kila mmoja kwa wivu uliomtoa machozi, na Salha akavuta pumzi atamke.

Basi mimi nimefika hapo, siwezi kwenda mbele. Aliyechagua, aliyepunguza bei, aliyeshona: mmoja angekosekana, Salha asingepumua. Nyinyi mlionisikiliza, ingekuwa mtoto yumo mikononi mwenu na shehe anangoja, mngetaja jina la nani? Sema, na unapolitaja, watazame usoni wale wawili uliowaacha.